Pikapu inalia tik-tik, mara ipo mara haipo

MzeeWaKabichi: Wakuu, shikamooni wakubwa. Nina pikapu ya dizeli ya 1996, injini 2.8. Napakia kabichi Lushoto, nashusha Mombo. Alfajiri nikiwasha kwa baridi ya kule juu, tik-tik-tik kama cherehani. Dakika kumi kimya. Nikirudi na mzigo wa mbolea, kwenye kona za kupanda mlima pale Soni inaanza tena. Oili ipo sawa. Fundi wa hapa anataka afungue injini yote. Nimegoma kwanza.

spana14: Umegoma vizuri. Tapeti (zile zinazosukuma valvu) zikilegea kwa kawaida hulia wakati wote, haziji na kuondoka hivyo.

DadaDizeli: Inaweza kuwa nozeli, ile inayopuliza dizeli ndani ya silinda. Ikiwa inalia, legeza nati ya bomba la nozeli moja moja. Mlio ukibadilika, umempata mwizi. Vaa miwani na usiweke mkono karibu, dizeli ile ina presha ya kutoboa ngozi.

spana14: Kabla ya nozeli, angalia pale manifoldi ya ekzosi (chuma kinachokusanya moshi wa silinda zote) inapokutana na injini. Chuma kikipoa kinaacha upenyo, kikipata moto kinatanuka kinaziba. Kwenye mlima mzigo unasukuma moshi kwa nguvu, upenyo unalia tena. Tafuta masizi pale moshi unapovujia.

MzeeWaKabichi: Mkuu! Masizi meusi tii, silinda ya nne, stadi (boliti inayokaza manifoldi) imekatika kabisa. Gasketi nimepata, stadi inatolewa kesho. Fundi wangu kaninunia, hata chai hataki.