Naomba ushauri: tairi 11.00-20 za Bedford RL
Wakuu habari za mchana, nina Bedford RL ile ya jeshi ya Muingereza, ya miaka ya 60, injini inawaka freshi ila tairi ndo shida, kashata (yale meno ya tairi) bado zipo lakini pembeni zimechanika chanika mpaka nyuzi zinaonekana. Saizi ni 11.00-20 za tyubu na flepu (ule mpira unaokaa kati ya tyubu na rimu). Wauza spea wa Gerezani hapa Dar wananilazimishia 10.00-20 za Fuso eti zinakaa tu, sasa hii ni 4x4, nikifunga mbili ndogo mbele na nyuma nikaacha kubwa si naua giaboksi? Mtumba sitaki, mpira ukishazeeka hata kashata ikiwa nzima ni bure. Nani anajua duka hapa Dar lenye mpya za nyuzi za nailoni, kashata za matope, nachukua tano na spea humo humo? Bei pia jamani