Kengele ya Kengeleni na wasichana wanaokwenda Arabuni: je, mlinganisho huu unafaa?

Mtunzi wa Kisauni

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Kikundi chetu cha vijana kinatayarisha igizo la dakika 40. Kila siku tunapita Kengeleni, hapa Mombasa, kwa matatu na kuiona ile kengele ambayo wazee husimulia kuwa ilipigwa kuwaonya watu wa Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa kutoka majahazini na manowari za Uingereza. Tulitaka onyesho lifunguliwe kwa mlio wa kengele, kisha aonekane msichana wa leo aliyekwenda kufanya kazi za nyumbani, mwenye minyororo, amefungiwa katika nyumba ya tajiri huko Saudia. Mzee mmoja aliyetazama mazoezi ametukanya: eti tunawatusi wasichana kwa kuwaita watumwa, na tunawatusi watumwa kwa kuwafananisha na watu waliopanda ndege kwa hiari. Sikuwa na la kumjibu.

Mkaazi wa Kibokoni

Wa alaykum salaam. Mzee wenu amesema kweli, ingawa si yote. Aliyetekwa bara akaletwa pwani hakuulizwa neno. Binti wa leo ametia saini mkataba, na pengine mamake ameuza mbuzi ili ajenti alipwe. Mkimvika minyororo, watazamaji watalia, watapiga makofi na kurudi makwao bila kuelewa kafili, yaani mwajiri anayemdhamini mfanyakazi wa kigeni, ni nani wala ana mamlaka gani.

Hata hivyo, historia ina mlinganisho ulio bora kuliko minyororo. Masoko ya watumwa yalifungwa kwa mkataba wa 1873 baina ya Sultani Barghash wa Zanzibar na Waingereza, lakini katika pwani hii yetu hali ya utumwa haikufutwa kisheria hadi 1907. Kwa miaka 34, kumuuza mtu sokoni kulikuwa marufuku, ilhali kummiliki nyumbani kuliruhusiwa. Sasa tazameni mabadiliko ya sheria za kazi yaliyoanza Saudia mwaka 2021: yaliwawezesha wafanyakazi wengi wa kigeni kubadilisha mwajiri, yakawaacha nje wale wa majumbani. Sheria hubisha hodi sebuleni, na jikoni hufika mwisho.

Mjukuu wa Rabai

Nakubaliana na ndugu wa Kibokoni, ila mimi ningewaleta kwetu Rabai, karibu na Mombasa. Mwaka 1888 iligunduliwa kuwa watoro wengi, yaani watumwa waliowakimbia mabwana zao, walikuwa wakiishi katika misheni yetu, chini ya mhubiri William Jones, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kutekwa utotoni na kulelewa Bara Hindi. Mabwana zao waliwadai. Kampuni ya Waingereza ikalipa fidia, na mwanzoni mwa 1889 watoro wakapewa hati za uhuru, mmoja mmoja. Fikirieni: mtu amelima shamba lake miaka mingi, ana mke na watoto, lakini anasubiri karatasi ndipo aitwe huru. Kwa maoni yangu, igizo lenu ni la karatasi na mkono unaoishika, nayo minyororo haina kazi humo.

Bi wa Likoni

Wanangu, nilifanya kazi Arabuni miaka minne, katika nyumba mbili. Ya pili walikuwa watu wema, na mshahara wangu ndio ulioezeka nyumba ya mama, kwa hiyo msinionyeshe kama mtu wa kulia tu. Katika nyumba ya kwanza, pasipoti yangu iliwekwa katika droo ya meza ya kujipambia ya bibi mwenye nyumba, chini ya masanduku ya dhahabu. Kila asubuhi niliipangusa vumbi meza ile. Ukitaka kuonyesha jambo, onyesha hilo.

Mtunzi wa Kisauni

Shukrani nyingi. Minyororo tumeiondoa, na kengele itabaki, ila tutaipiga wakati hati za Rabai zinapogawiwa, kabla meza haijaingizwa jukwaani. Bi, niwie radhi kwa kuuliza: droo hiyo ilifungwa kwa ufunguo?

Bi wa Likoni

Haikuwa na ufunguo, mwanangu. Hata ningeichukua pasipoti, nisingevuka uwanja wa ndege bila ruhusa yao.