Naomba ushauri: stoo za kupangisha Mtwara, kufuli za kufungua kwa simu zinafaa?

Wakuu, habari zenu. Nina vyumba vya stoo Mikindani, napangisha watu wanaohama na wafanyabiashara wadogo. (Korosho sigusi, tangu msimu wa 2007/08 zina maghala yake ya stakabadhi, yaani mkulima huweka mzigo na kupewa risiti.) Marekani siku hizi mteja hufungua chumba chake kwa simu, hasubiri mlinzi mwenye funguo. Nami natamani hivyo: kodi ilipwe kwa M-Pesa, asiyelipa, namba yake ya siri ya kufuli isifungue mlango. Hofu yangu umeme kukatika, na huu upepo wa chumvi unaokula hata bawaba. Kufuli za betri zinadumu huku pwani? Kamera nifunge za sola au za waya? Mwenye uzoefu aje na bei, tafadhali.