Naomba ushauri: watoto wa mtaa wetu wanaongezeka kuliko madarasa

Habari zenu wakuu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali, pembezoni mwa Dar es Salaam. Miaka michache nyuma huku kulikuwa mashamba ya mihogo na mikorosho. Viwanja vikapimwa, watu wakajenga wakahamia, na wengi ni familia changa. Sasa kila Januari wakati wa kuandikisha darasa la kwanza tunahaha. Kiwango ni watoto 45 kwa darasa, sisi tumeshapita mbali. Wanasoma kwa zamu mbili na bado wengine wanakaa chini. Inaniuma sana.

Tunapoomba madarasa tunaambiwa tulete takwimu. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, kutoka milioni 44.9 mwaka 2012, lakini mtaa wetu wa 2022 si huu wa leo. Nimewaza tutumie daftari la kliniki: mtoto anayechanjwa surua leo akiwa na miezi tisa, baada ya miaka mitano hivi anabisha hodi shuleni. Shida ni wanaohama na wanaohamia, kliniki haiwaoni wote. Wajumbe wa mashina wahesabu nyumba kwa nyumba?

Waliowahi kufanya hivi, mlianzia wapi? Halmashauri inakubali hesabu za namna hii? Na eneo la shule shikizi (tawi dogo la shule mama) mlilipataje kabla viwanja havijaisha? Hilo la eneo ndilo linaninyima usingizi.