Shelisheli na Ngazija bahari moja, mbona mmoja tajiri mwenzie hoi?

Kijana wa Mbagala:
Wakuu habari za jioni. Jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Jamaa mmoja anasema nchi za visiwa vidogo zote ni masikini kwa sababu hazina ardhi, nikamwambia mbona Shelisheli wana hela kuliko sisi wote huku, akanijibu "basi niambie mbona Wangazija wanakuja kutibiwa Muhimbili?" Nikakosa jibu, watu wakacheka. Sasa naomba wanaojua wanifafanulie. Wote wako Bahari ya Hindi, Ngazija, yaani Komoro nzima, uhuru 1975, Shelisheli 1976, wote wamepinduana, wote mamluki wa kizungu walishawaingilia. Leo kipato cha Mshelisheli ni kama mara kumi ya Mngazija. Tofauti ilianzia wapi? Msiniambie uongozi bora tu maana hilo jibu linatumika kwa kila kitu.

Nahodha Mstaafu:
Mdogo wangu, hapo umechanganya mambo, ngoja nikupe la kwanza ambalo watu hawaliangalii, hesabu ya vichwa. Shelisheli nzima ina watu laki moja na ushee, yaani wanaweza kuingia kwenye kata chache za huko kwenu Temeke na nafasi ikabaki. Ngazija ukiacha Maore, kile kisiwa cha Mayotte kilichobaki kwa Mfaransa, wapo laki nane na zaidi. Kisiwa chao cha Nzwani (Anjouan) peke yake kina watu laki tatu na ushee kwenye kilomita za mraba 424, milima imelimwa mpaka kileleni, mvua ikinyesha udongo unateremka baharini mwekundu kama uji wa mtama.

La pili ni maji. Ardhi ya Shelisheli ni ndogo kuliko ya Ngazija, kilomita 455 tu, ila visiwa vyao 115 vimetawanyika mbali mbali, na kila kisiwa hata kiwe cha ndege na kasa peke yao kinavuta bahari yake, jumla wana eneo la bahari zaidi ya kilomita milioni moja na laki tatu, kubwa kuliko Tanzania yote na maziwa yake. Humo ndimo anapita jodari. Meli za Wazungu zinalipia leseni, zinashusha samaki Victoria, mji mkuu wao, kuna kiwanda cha kutia samaki kwenye makopo pale pale mjini. Ngazija bahari yao haifiki hata robo ya hiyo, halafu 2017 Umoja wa Ulaya ukawapa kadi nyekundu kwa sababu bendera yao ilikuwa inakodishwa kwa meli za nje ambazo hakuna anayezifuatilia, mkataba wa uvuvi ukafa. Wavuvi wao wenyewe wana ngalawa na vifaiba.

Karafuu_Chungu:
Nahodha umesema kweli lkn umeruka siasa na siasa ndiyo iliyoua. Mancham, rais wa kwanza wa Shelisheli, alipinduliwa Juni 1977 yuko London kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, na tusijifanye hatujui, wanajeshi wetu walipelekwa kule kumlinda René aliyechukua nafasi yake. 1981 akaja Mike Hoare na mamluki wake wamejifanya klabu ya wanywa bia wamebeba midoli ya watoto yatima, afisa forodha akapekua begi akakuta bunduki, wakaishia kuteka ndege ya India kukimbilia Durban. Yaani serikali iliokolewa na mpekua mabegi! René akakaa mpaka 2004. Chama kimoja, watu walikimbia, wengine walipotea, sisemi alikuwa malaika, ila shule na hospitali vilijengwa kwa mpango mmoja usiokatika.

Sasa Ngazija. Ahmed Abdallah kutangaza uhuru Julai 75, Agosti keshapinduliwa, Bob Denard, mamluki wa Kifaransa, humo. 78 Denard huyo huyo anamrudisha Abdallah. 89 Abdallah anauawa ikulu, walinzi wake ni watu wa Denard. 95 Denard tena! Jamaa alikuwa anakwenda Moroni kama mtu anayekwenda shambani kwake. 97 visiwa vya Nzwani na Mwali vikajitenga, 2001 ikaletwa katiba ya urais wa kupokezana visiwa, 2008 majeshi ya Umoja wa Afrika na vijana wetu wamo wakashuka Nzwani kumtoa Bacar, mkuu wa kisiwa aliyegoma kuachia madaraka. Nani ataweka hela ya hoteli hapo?

Mama Ngazija wa Kariakoo:
Assalaam alaykum. Mie kwetu Ngazija kwa mama, naomba niseme kidogo manake mnatusema kama hatupo. Bandari ya Moroni maji mafupi wanangu. Meli kubwa inatia nanga nje, mzigo unateremshwa kwenye matishari, ndo unafika gatini. Nilipeleka vitunguu mwaka fulani, bahari ilichafuka siku nne, tunaviona vile viko kwenye meli, harufu inakuja na upepo, hatuvifikii. Vilivyoshuka nusu vimeota. Sasa bei ya kitunguu Volovolo apangie nani? Na kisiwa kikubwa hakina mto hata mmoja, jiwe la Karthala, mlima wetu wa volkano, linanyonya mvua yote, kila nyumba na birika lake la kukinga maji ya paa.

Tunauza nini? Vanila, karafuu, langilangi la manukato. Basi. Kinachoshikilia nchi ni watoto walio Ufaransa, Marseille ukienda utadhani uko kwetu, wao ndo wanaleta hela ya mchele na hela ya ada, si ada ya shule, ni ile harusi kubwa ya mila, mtu anakusanya miaka ishirini aozeshe wiki mbili. Wengine wanasema tunapoteza, mie nasema hiyo hela isingekuja kabisa bila ada.

Na Maore msiiruke. Ufaransa waliibakisha, 2011 wakaifanya mkoa wao kamili. Kutoka Nzwani kilomita 70 tu, ila tangu 1995 ni lazima viza. Watu wanapanda kwasa, vile viboti vidogo, usiku, wengi wamebaki baharini.

Kijana wa Mbagala:
Shikamoo mama. Kwa hiyo Maore ingebaki kwenu mngekuwa sawa na Shelisheli?

Mama Ngazija wa Kariakoo:
Marahaba. Hapana, tusidanganyane. Wamaore wenyewe walipiga kura kubaki na Mfaransa, na 2009 tena asilimia 95 wakataka kuwa mkoa wake kamili, walituona tunavyopinduana. Lakini ndugu waliogawanywa ni ndugu, haina kura hiyo.

Nahodha Mstaafu:
Na Shelisheli tusiwapambe sana. 2008 walishindwa kulipa dola milioni 230 za hati fungani, IMF wakaingia, rupia ikaporomoka, ilibidi walegee. Na unga wa heroini unawamaliza vijana wao, nchi ndogo hivyo kila familia ina mtu. Ila 2020 Ramkalawan wa upinzani alishinda, aliyeshindwa akampa mkono, 2025 naye akashindwa akaondoka kwa kura. Kwetu huku tunaliangalia hilo kama sinema.

Karafuu_Chungu:
Nahodha hapo mwisho umepita pembeni kidogo 😂😂

Kijana wa Mbagala:
Nimeelewa, kesho narudi kijiweni na ile ya jodari na visiwa vya ndege. Mama, vitunguu hivyo vilivyoota uliviuza?

Mama Ngazija wa Kariakoo:
Niliviuza vya kupanda.