Mrejesho: Nimemaliza Dark Fire

Wakuu, mwezi uliopita niliwauliza kama naweza kuanza na Dark Fire, riwaya ya C. J. Sansom, bila kusoma Dissolution, kitabu cha kwanza cha mfululizo huo. Wengi mlinisihi nisiruke. Asanteni sana, niliwasikiliza na sijuti.

Ukitoka kwenye kitabu cha kwanza ndipo unaelewa kwa nini wakili Shardlake, mhusika mkuu, hana tena imani na Thomas Cromwell, waziri mkuu wa Mfalme Henry VIII. Tuko London, mwaka 1540. Binti Elizabeth, anayetetewa na Shardlake, anatuhumiwa kumuua binamu yake, na mahakamani hataki kutamka neno. Sheria ya Uingereza enzi hizo ilikuwa katili: aliyekataa kujibu shtaka alilazwa chini na kurundikiwa vitu vizito juu yake mpaka ajibu au afe. Hapo nilifunga kitabu, nikatoka uani kuvuta pumzi. Cromwell anafanya kesi iahirishwe siku 12, kwa sharti kwamba Shardlake amtafutie siri ya moto wa Wagiriki, silaha ya kale ya kimiminika kinachowaka.

Kilichoniumiza zaidi ni tarehe. Cromwell halisi alikatwa kichwa 28 Julai 1540, kwa hiyo kila ukurasa nilikuwa namhesabia siku. Barak, msaidizi mpya, nimempenda kuliko wote. Kesho naanza Sovereign, kitabu cha tatu.