Draiva ya keneli au ya mtengenezaji wa kadi? Klasta inapoteza nodi usiku

MzeeWaSeva
Wakuu, habari za kazi. Nina klasta ya seva tatu (nodi) zinazofanya kazi kama kitu kimoja, kadi za mtandao za gigabiti 10, draiva ni ixgbe iliyokuja na keneli (moyo wa Linux). Mchana hazina neno. Bekapu ikianza usiku, nodi ya pili inapotea: Corosync (programu ya nodi kujuliana hali) inalalamika tokeni, ujumbe unaozunguka kuonyesha nodi ziko hai, haijafika, wenzake wanaizima kwa nguvu, inawaka upya, kesho yake hivyohivyo. Nafikiria kuweka draiva ya mtengenezaji, ni mpya zaidi. Au nibaki na hii niirekebishe? Nani kapita huku?

Bitozi
Weka ya mtengenezaji mkuu, usijitese. Mimi niliweka, tatizo likaisha.

WayaMfupi
Liliisha mpaka lini? Mimi niliiweka kwenye nodi nne. Keneli iliposasishwa, kwenye nodi moja moduli (faili ya draiva) haikujengwa upya, ikarudi kimyakimya kwenye draiva ya keneli. Nodi tatu zinaimba wimbo mmoja, ya nne wake. Siku mbili nzima natafuta mchawi, mpaka nikapiga `ethtool -i` kila nodi na kulinganisha matoleo. Halafu kama Secure Boot (ulinzi wa kuwasha mashine kwa programu zilizosainiwa tu) imewashwa, moduli isiyosainiwa keneli inaikataa.

DadaPakiti
Mnagombea dawa, mgonjwa hajapimwa. Mzee, wakati bekapu inaendelea endesha `ethtool -S` mara mbili tatu uangalie `rx_missed_errors`. Ikipanda, pakiti zinafika kwenye kadi ila hazipati pa kukaa. Kisha `ethtool -g` ikuonyeshe bafa (nafasi ya pakiti kusubiri), na `/proc/interrupts` uone foleni za kadi zinahudumiwa na kiini kipi cha prosesa.

MzeeWaSeva
Inapanda kama mita ya teksi. Bafa ya kupokea ni 512, kikomo 4096. Na interapti (miito ya kadi kwa prosesa) zote ziko CPU0, kiini kimoja! Kumbe irqbalance, programu ya kuzigawa kwa viini vingine, imezimwa kwenye nodi ya pili tu. (Nadhani niliizima mwenyewe nikijaribu kitu, nikasahau.) Nimeiwasha, nikapandisha bafa kwa `ethtool -G`, na papo hapo nodi ikazimwa na wenzake. Mchana kweupe, watu wako kazini.

DadaPakiti
Pole. Kubadilisha bafa kunaizima kadi na kuiwasha tena, mara nyingi kwa sekunde kadhaa, na Corosync haina subira hiyo. Simamisha klasta kwenye nodi hiyo kwanza, badilisha, irudishe. Mbili zilizobaki bado ni zaidi ya nusu, huduma haitakatika. Na uandike mpangilio huo kwenye usanidi, la sivyo ukiwasha upya unarudi 512.

Bitozi
Si uongeze tu muda wa tokeni uwe sekunde 10 ulale?

WayaMfupi
Atalala kweli, na nodi ikifa kikwelikweli klasta nayo italala hizo sekunde 10 kabla ya kushtuka. Afadhali aitenge njia ya Corosync na ya bekapu. Corosync 3 inakubali hadi njia 8, kadi ya pili ya gigabiti 1 inamtosha.

MzeeWaSeva
Usiku wa tatu huu nodi ya pili haijapotea, draiva ni ileile ya keneli. Njia ya pili ya Corosync naifunga wikendi. Ila nodi ya tatu naona `rx_crc_errors` (pakiti zinazofika zimeharibika) inaongezeka polepole. Nayo ni bafa?

DadaPakiti
Hapana, hiyo anza na kebo.